Acheni kununua taa kabla ya kuchimba shimo

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu, na wengine wenu mlianza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Rongo, kaunti ya Migori, nikichimba shimo. Ndiyo, shimo! Mtu aliyekaa chuoni miaka minne akisomea sayansi ya kompyuta, anayelipwa kuandika programu, ameshika mtaimbo saa saba mchana nyuma ya jikoni, anatafuta mahali penye unyevu ili apigilie fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, urefu wake mita moja na ushee. Bei ya fimbo hiyo haifiki ya kreti mbili za soda. Kwa kuikosa, mama yangu nusura afe.

Kwa hiyo leo programu zikae kando kidogo. Leo nataka kugombana na nyinyi mnaojenga, hasa vijana wenzangu mlioko Nairobi na kwingineko mnaotuma pesa nyumbani kwa M-Pesa na kusimamia ujenzi kwa picha za WhatsApp. Najua mnavyofanya kwa sababu nilifanya vivyo hivyo. Tena nilifanya vibaya kuliko wengi wenu, na mimi ndiye niliyejiita msomi.

Kisa chenyewe

Tulimjengea mama nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Kuta zikasimama, mabati yakaezekwa, tukafika kwenye stima. Fundi akaandika orodha yake kwenye karatasi ya daftari, kurasa mbili, akaipiga picha na kunitumia. Nilikuwa ofisini. Nikaisoma kama ninavyosoma orodha ya kazi za mradi: hiki kibaki, hiki kiondoke, hiki kisubiri.

Nitawaonyesha nilichokata na nilichoongeza, na aibu ni yangu. Bei ni nilizoambiwa au nilizolipa mimi, zako zinaweza kuwa tofauti.

Nilivyokata:
- Fimbo ya ardhi, klipu yake na waya wa kuiunganisha: shilingi 2,500
- Swichi ya usalama, ile wanayoiita RCD: 3,500
- Waya mnene wa milimita 6 wa shawa ya umeme, nikasema watumie ule wa 2.5 wa soketi: nikaokoa 4,500

Jumla 10,500.

Nilivyoongeza:
- Taa ya kuning'inia sebuleni, ya vioo: 18,000
- Taa ndogo 24 za kuzama kwenye dari la jipsamu, kwa 450 kila moja: 10,800
- Ukanda wa taa za rangi kuzunguka dari: 6,000
- Kubadilisha swichi na soketi za kawaida ziwe nyeusi zenye uso wa kioo: 9,000

Jumla 43,800.

Fundi alinipigia simu. Akaniambia, "Omera, hiyo ya ardhi usitoe." Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye mkutano, kwamba tutaiweka awamu ya pili. Kila mwandishi wa programu anayesoma hapa ameshacheka. Awamu ya pili tunaijua sote. Awamu ya pili ni kaburi la mambo ya maana.

Hapo fundi naye alikosea. Angekataa. Lakini mtu anayetafuta riziki hawezi kugombana na mwenye pesa kwa ajili ya chuma cha kuzikwa mchangani. Akafanya nilivyosema. Cheti cha kuonyesha kwamba waya zimepimwa kikatiwa sahihi na mtu mwenye leseni ambaye, kadiri ninavyojua, hakuwahi kuingia ndani ya ile nyumba. Mita ikafungwa. Tukaalika watu, tukachinja, tukawasha zile taa za rangi. Watu wakapiga picha. Nilijisikia mtoto wa maana!

Friji inayopiga asubuhi tu

Miezi mitatu baadaye mama akaanza kusema friji "inapiga". Akiishika mlango anahisi mwasho kwenye vidole. Si kila mara. Asubuhi tu. Nikamwambia avae ndara. Naomba muisome tena sentensi hiyo. Mama analalamika kwamba friji yake ina umeme mwilini, na mwanawe mwenye digrii anamshauri avae ndara.

Mwandishi wa programu yeyote akiambiwa dosari inatokea asubuhi tu, jambo la kwanza atakalouliza ni: asubuhi kuna nini ambacho hakipo mchana? Mimi sikuuliza. Ingekuwa ni seva ya mteja ningekesha. Ilikuwa ni mama, nikapendekeza ndara.

Asubuhi moja ya Jumatatu mdogo wangu wa kike alikuwa akioga kabla ya kwenda shule. Mama alikuwa ametoka kupiga deki jikoni, sakafu imelowa, miguu mitupu. Akafungua friji atoe maziwa. Ilimrusha. Alianguka juu ya mkono, mfupa wa kifundo ukavunjika, na akabaki pale chini hawezi kuita. Mdogo wangu alifunga maji, akatoka, akamkuta. Pengine kule kufunga maji ndiko kulikomwokoa, kwa sababu alipofunga maji shawa ilizima.

Mmeshaona dosari ilikuwa wapi? Shawa ya umeme ilikuwa inavujisha. Umeme uliovuja ukaingia kwenye waya wa ardhi wa shawa, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Waya huo unakwenda kwenye sanduku la breka na kukutana na waya za ardhi za soketi zote za nyumba. Kutoka hapo ulipaswa kwenda chini, kwenye fimbo. Kwetu haukwenda popote. Uliishia hewani, kwa sababu fimbo iliondolewa Nairobi kwa kidole gumba. Basi umeme ukarudi kupitia waya uleule hadi kwenye kila kifaa chenye bati, na friji ilikuwa na bati kubwa kuliko vyote. Nilipofika Rongo nikaweka kipimo: shawa ikizimwa, hakuna kitu. Shawa ikiwashwa, volti 110 kwenye mlango wa friji.

Kwa maneno mengine, waya wa ardhi usiofika ardhini ni mbaya kuliko kutokuwa nao kabisa. Unachukua ugonjwa wa kifaa kimoja na kuugawa nyumba nzima.

Breka haimjui mama yako

Watu wengi, na nilikuwamo, wanaamini kwamba breka zilizo kwenye sanduku zipo kulinda watu. Hapana. Breka inalinda waya usiungue. Tufanye hesabu kidogo, haitauma.

Stima yetu Kenya ni volti 240. Mwili wa mtu aliyelowa unaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000. Gawa 240 kwa 1,000, unapata ampea 0.24. Sasa chukua balbu ya zamani ya wati 60. Gawa 60 kwa 240, unapata ampea 0.25. Mnaona? Umeme unaopita ndani ya mtu anayekufa ni sawa na ule unaowasha balbu moja ya kizamani. Breka ya ampea 32 haiwezi kutofautisha mama yako na balbu. Haina habari. Itakaa imewaka hadi majirani waje.

Je, fimbo ya ardhi peke yake inatosha? Hapana pia. Tuseme umeipigilia vizuri na ukinzani wake na udongo ni omu 50, jambo la kawaida pakikauka. Gawa 240 kwa 50, unapata ampea 4.8. Breka ya 32 bado imelala usingizi.

Ndiyo maana kuna RCD. Kazi yake ni rahisi kama programu ya mistari mitatu: inapima umeme unaokwenda, inapima unaorudi, na tofauti ikizidi kiwango inakata. Ya nyumbani hukata kwa tofauti ya miliampea 30, yaani sehemu ya nane ya ule umeme wa balbu, na hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ukiwa na fimbo pamoja na RCD, siku shawa inapoanza kuvujisha stima inazima yenyewe kabla hakuna aliyeguswa. Mama angelalamika kwamba stima imepotea, si kwamba friji inapiga.

Na ule waya wa 2.5 nilioulazimisha? Shawa yetu ni ya wati 5,500. Gawa kwa 240: ampea 22.9. Waya wa 2.5 uliofukiwa ndani ya ukuta hapo uko ukingoni mwa uwezo wake. Sasa mtu achomeke birika la wati 2,000 kwenye soketi ya njia ileile: ampea 8.3 zaidi. Jumla 31.2. Breka ya 32 inatazama, inaona bado, inatulia, huku waya ukijipika taratibu ndani ya plasta. Fundi alipobomoa ukuta plastiki ya waya ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Kumbe tulikuwa tunasubiri moja kati ya mawili, mshtuko au moto, na mshtuko ulitangulia tu.

Mjomba na nyumba yake "isiyoisha"

Baada ya mama kutoka hospitali nilikwenda Homa Bay kwa mjomba wangu. Ukitoka Rongo unapitia Rodi Kopany, si mbali. Yeye ni mwalimu mstaafu wa fizikia, alijenga pembeni ya mji miaka michache kabla yetu. Nyumba yake tulikuwa tunaicheka. Dari zuri, kuta safi, halafu katikati ya sebule kuna balbu imening'inia kwenye holda nyeupe, uchi kabisa, bila kofia. Vyumba vyote hivyohivyo. Nje ya ukuta kuna vinywa vya paipu tupu vimezibwa kwa karatasi ya nailoni. Tulisema mzee ameishiwa. Wengine walisema mwalimu ni bahili.

Safari hii nikamwomba anifungulie sanduku lake la breka. Kila breka ina karatasi imebandikwa: jikoni, shawa, soketi za sebule, taa, pampu. RCD ipo. Nafasi tatu za breka ziko wazi, zinasubiri. Akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye kishimo chenye mfuniko, fimbo mbili za ardhi zimeunganishwa, kando ya mahali maji ya kuogea yanapomwagikia ili udongo usikauke. Halafu akatoa simu akanionyesha picha za kila ukuta kabla haujapigwa plasta, futi ya kupimia imewekwa kwenye kila picha. Akitaka kutoboa ukuta leo, anajua waya uko wapi.

Nikamuuliza zile balbu uchi. Akaniita okewo, kama Wajaluo tunavyomwita mtoto wa dada, akasema: "Okewo, taa nitanunua siku nikipata pesa. Nitapanda kwenye kiti, nitafungua skrubu mbili. Wewe utapanda kwenye kiti gani ubadilishe waya ulio ndani ya ukuta?"

Sikuwa na jibu. Ninafanya kazi ya kuwafundisha wenzangu kwamba msingi wa programu utengenezwe kabla ya sura yake, na mzee mwenye simu ya skrini iliyopasuka alikuwa amefanya hivyo na nyumba nzima.

Hoja zenu nazijua

"Pesa hazitoshi." Za nini? Mimi zilinikosa 10,500 lakini zilinitosha 43,800. Kurekebisha kumekula 38,000: kubomoa, waya mpya, plasta, rangi, vigae vya bafuni ambavyo rangi yake haipatikani tena, na ujira. Sijahesabu hospitali. Sijahesabu mkono wa mama. Anayesema hana pesa za ardhi na ukutani kwake kuna ukanda wa taa za rangi asinifanye mjinga.

"Tulikulia kwenye nyumba zisizo na hivyo vitu na hatukufa." Wengi wetu tulikulia kwenye nyumba zisizo na stima! Watu wa Migori tunapenda kujigamba kwamba umeme ulizalishwa kwetu Gogo, kwenye mto Kuja, tangu miaka ya 1950. Kweli, lakini mtambo ule wa megawati 2 ulijengwa kwa ajili ya mgodi wa Macalder, si kwa ajili ya bibi yako. Vijiji vingi vilisubiri hadi miaka ya 2010. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ndio uliposhusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nguzo zikaanza kuingia mashambani kwa wingi. Babu yangu aliweza kutazama paa la nyasi akakuambia litavuja wapi mvua ikija, kwa sababu alirithi jicho hilo kwa baba yake. Jicho la kutazama stima hakuna aliyeturithisha. Sisi ndio wa kwanza. Tukikosea, watoto wetu watarithi makosa.

"Fundi anajua." Pengine. Muulize leseni. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi ya waya ifanywe na mwenye leseni, na anayeitoa ni mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA. Leseni ina jina na daraja. Na mwenye leseni awe ndiye anayeshika koleo, au walau anayekuja kukagua, si rafiki wa fundi anayekopesha sahihi mjini. Kununua sahihi ni sawa na kulipa mtu aandike kwamba programu imejaribiwa wakati hata haijafunguliwa.

"RCD inasumbua, inaanguka kila mtu akioga." Hii niliisikia kwa mafundi watatu tofauti, na wote dawa yao ilikuwa moja: iondoe. Jamani! Inaanguka kwa sababu umeme unavuja. Umemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele alipoona mwizi. Zipo shawa ambazo chuma chake cha kuchemshia kiko wazi majini, na hizo ndizo zinazoiangusha sana. Tafuta ambayo chuma chake kimefunikwa. Ni ghali zaidi. Punguza taa mbili.

"Kuna pini ya tatu kwenye plagi." Ipo, na tunavyoitendea inaonyesha tulivyo. Plagi yetu ya pini tatu za bapa ni kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947. Ile pini ndefu ya juu ni ya ardhi. Imerefushwa makusudi iingie kwanza na itoke mwisho, na ndiyo inayofungua vizibo vya matundu mawili mengine. Sasa ni nani hapa hajawahi kuchomeka kalamu kwenye tundu hilo ili chaja ya pini mbili iingie? Tumeifanya ardhi kuwa mahali pa kalamu.

"Wageni watasema nini?" Hii ndiyo hoja ya kweli, nyingine zote ni kanzu yake. Tunajengea macho ya watu wanaokuja siku moja na kula wali. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba kuonyeshwa fimbo ya ardhi. Lakini wageni walewale waliosifu taa zetu ndio waliokuja kumtazama mama akiwa na plasta mkononi, wakakaa chini ya taa ya 18,000 wakisema pole.

Mpangilio wa pesa, kuanzia chini kwenda juu

Kanuni ni moja: kisichoweza kubadilishwa bila kuvunja ukuta kinunuliwe kwanza, na kiwe bora. Kinachobadilishwa kwa bisibisi kisubiri. Kwa hiyo:

1. Ramani. Kabla ya kununua hata msumari, tembea chumba kwa chumba na chaki. Kitanda kitakaa wapi? Televisheni je? Birika, blenda, pasi, kompyuta, ruta ya intaneti? Weka alama ya kila soketi na kila swichi. Hesabu, kisha ongeza kidogo. Soketi iliyosahauliwa leo ni waya wa kurefusha unaopita chini ya zulia kesho.

2. Ardhi. Fimbo, klipu imara, na waya wa kijani na manjano usiokatika. Tafuta pahali panapobaki na unyevu. Udongo mkavu na mwamba ni adui. Ukinzani ukiwa mkubwa ongeza fimbo ya pili. Mwambie fundi aupime mbele yako kwa kifaa, na aandike namba.

3. Sanduku la breka lenye RCD, na nafasi za ziada. Shawa iwe na breka yake peke yake. Watu wa kwetu, kati ya Kisii na Ziwa, tunajua radi ni jirani: ukiweza ongeza kifaa cha kupokea mishtuko ya radi humohumo sandukuni. Nacho hakifanyi kazi bila namba 2.

4. Waya. Milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa shawa ya umeme au jiko. Hakikisha ni shaba tupu. Kuna waya sokoni ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho huwezi kujua. Tumia mizani! Roli ya mita 90 ya waya wa 2.5 ina shaba ya karibu kilo 2, na pamoja na plastiki yake inakaribia kilo 3. Ya alumini haifiki hata 2. Nenda kwa mwenye duka la mahindi, weka juu ya mizani, mengine yatajisema. Pia tazama alama ya Shirika la Viwango, KEBS. Chini ya alama kuna nambari ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na nambari hiyo, tuma kwa 20023, utajibiwa ni ya nani. Kama jina si la bidhaa uliyoshika, irudishe dukani.

5. Paipu tupu. Hizi ni bei ya chini kuliko kitu chochote kwenye orodha. Moja kwenda paani kwa ajili ya sola, moja getini, moja kwenye tangi la maji, moja kutoka nje hadi sebuleni kwa ajili ya intaneti. Ziba midomo. Miaka mitano ijayo utanishukuru.

6. Picha. Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa na futi. Ziweke mahali pawili, na moja ya mahali hapo isiwe simu yako.

7. Soketi na swichi. Za kawaida nyeupe zenye alama ya viwango zinafanya kazi sawa na zile nyeusi za kioo.

8. Taa. Za mwisho kabisa. Holda ya kawaida na balbu ya LED ya wati 9, inayotoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60. Ukiwa na balbu 20 zote zimewaka ni wati 180 badala ya 1,200, na tokeni zako zitajua. Ile ya vioo ya kuning'inia itakuja siku yake, ukiwa na kiti na bisibisi.

Mtaona pesa zikiisha njiani kwenye mpangilio huu, zinaishia kwenye namba 7 au 8. Utabaki na nyumba yenye balbu uchi na watu hai. Kwenye mpangilio wangu wa kwanza zilianza kwenye namba 8 na kuishia hapohapo.

Sasa hali ikoje

Siku tuliyowasha tena stima Rongo, mdogo wangu alifungua shawa ileile ya zamani kwa majaribio. RCD ikaanguka palepale, tak! Nyumba nzima giza. Tulisimama kimya kidogo. Ule mlio ndio uliokosekana ile Jumatatu. Shawa tumeitupa, tumeweka nyingine. Kila mwanzo wa mwezi mdogo wangu anabonyeza kile kibonyezo kilichoandikwa T kwenye RCD kuhakikisha bado inakata, na ameandika kwenye kalenda ya ukutani.

Ukanda wa taa za rangi nimeuuza. Taa ya vioo bado ipo, mama amekataa iondolewe, anasema ni ya mwanawe. Na bado anavaa ndara kabla ya kufungua friji. Nimemweleza mara nyingi kwamba sasa ni salama, nimeishika mwenyewe mbele yake kwa mkono uliolowa. Ananitazama tu, anavaa ndara.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na una nyumba inajengwa Awendo, au Oyugis, au Ndhiwa, au kokote: kabla hujarudi kutazama picha za taa, mpigie fundi wako simu sasa hivi. Usimuulize wamefika wapi. Muulize swali moja, na ukae kimya usikilize atakavyojibu: waya wa kijani na manjano unaishia wapi?